Ukili ulio chini ya kitanda

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 39, naishi Ujiji. Miezi 8 iliyopita mume wangu na mtoto wetu wa kwanza, kijana wa miaka 17, walitoka na kipe, chombo cha kuvulia dagaa, usiku wa giza, upepo ukawakuta hukohuko. Mume wangu alipatikana siku ya tatu, tukamzika. Mwanangu hajapatikana mpaka leo. Nilikaa eda nikaimaliza. Tangu hapo jirani yangu mmoja, muuza mawese, huja kila alasiri na kicha cha ukindu, majani ya kusukia, pamoja na wenzake wawili, tunakaa barazani kwangu tunasuka. Yeye ndiye aliyenifundisha. Mikono ikiwa kwenye ukili, ule utepe unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka, kifua kinapungua uzito. Siku moja nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Wifi yangu akapita, akaniona. Jioni akaniambia, mjane gani huyu, mtoto bado yuko majini, mama anacheka barazani. Tangu siku ile nasuka usiku peke yangu, mara nyingine mpaka saa tisa. Ukili umekuwa mrefu, nimeuviringisha uko chini ya kitanda, ila kuushona uwe mkeka siwezi. Kila nikishika sindano naiacha. Kuna siku natamani ziwa linichukue na mimi. Naomba uniambie, nafanya makosa kupata nafuu? Je, nawasahau? Mama wa Ujiji.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole kwa msiba wa watu wawili kwa usiku mmoja.

Nitafika kwenye ukili na kwa wifi, lakini nianze na sentensi uliyoiandika kisha ukaipita mbio, kwamba kuna siku unatamani ziwa likuchukue. Wafiwa wengi hutamani kuwafuata wapendwa wao, na wengi wao hawamwambii mtu. Kuna kutamani, na kuna kupanga. Kama umeshawahi kushuka ufukweni ukiwa na nia hiyo, au umeanza kufikiria siku na mahali, jambo hilo halingoji barua ya pili. Mwambie jirani yako leo, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia, alale kwako. Asubuhi akusindikize Hospitali ya Maweni, muulizie anayeshughulikia afya ya akili. Na kama ni kutamani tu, mwambie vilevile. Wazo la namna hiyo linanenepa saa tisa ya usiku mtu akiwa peke yake. Likishatamkwa mbele ya mwenzio aliyeshika ukindu, linakosa pa kukulia.

Sasa kicheko.

Huenda umeshasikia, redioni au kwenye semina, kwamba huzuni ya kufiwa ina hatua tano, ya kwanza kukataa na ya mwisho kukubali. Hatua hizo zilitoka kwa daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, naye aliziandika baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe. Baadaye zikahamishiwa kwa waliofiwa, zikageuzwa ngazi, watu wakawa wanaulizana umefika ya ngapi. Nami nilizifundisha hivyo miaka mingi, chaki mkononi, mpaka aliponifia mama yangu nikajikuta nimezipitia zote tano kabla ya chai ya asubuhi, na saa nne nimerudi kwenye ya kwanza.

Waliokuja kuniridhisha zaidi ni Margaret Stroebe na Henk Schut wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi. Mwaka 1999 waliandika kwamba mfiwa huenda na kurudi. Kuna saa anaugeukia msiba, analia, anashika nguo za marehemu, anaita jina. Kuna saa anaupa kisogo, anapika, anadai deni lake sokoni, anajifunza kazi ambayo zamani ilikuwa ya mume. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakomponya. Anayekaa upande mmoja tu, uwe wa kilio au wa shughuli, ndiye anayechelewa.

Watu wa Kigoma hatukuhitaji Uholanzi kulijua hilo. Wewe ni mke wa mvuvi, unaijua kalenda ya ziwa kuliko mimi. Siku za giza, mwezi usipoonekana, wanaume wanatoka na taa, dagaa wafuate mwanga. Mwezi ukikomaa taa hazina kazi, wanarudi, wanaanika nyavu na kuzishona. Sijawahi kusikia mtu akimwambia mvuvi aliyekaa mchangani anashona wavu kwamba amelisahau ziwa.

Kwa hiyo hapana, huwasahau. Ulicheka kwa sababu alasiri ile ilikuwa zamu ya kucheka, na nina hakika usiku wake ulilia. Hukuniandikia hivyo, lakini nina hakika.

Na kidini, kwa kuwa najua maneno ya wifi yamekuchoma upande huo pia: eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10. Imewekewa mwisho, na wewe umeutimiza. Hata Mtume alipomlilia mwanawe Ibrahim watu walishangaa, akawaambia yale machozi ni rehema. Dini iliyoruhusu machozi ya namna ile haikuweka kokote kwamba anayelia asicheke tena.

Lakini nikuombe jambo kuhusu wifi huyu. Amezika kaka. Mtoto aliyeko majini alikuwa akimwita shangazi. Nani amekwenda kukaa barazani kwake tangu arobaini ipite? Nauliza kwa sababu najua misiba yetu ilivyo. Mjane anajaziwa nyumba, mama wa marehemu anajaziwa nyumba, dada wa marehemu anapewa kazi ya kupika na kuosha masufuria. Msiba ukiisha yeye ndiye hajalia bado. Akimwona mwingine anacheka, kinachotoka ni lawama, kwa sababu kilio chake hakikupata pa kupitia. Usimjibu mbele za watu. Nenda kwake siku moja na ukindu kidogo, mwambie, "Wifi, na mimi bado namngoja." Asipopokea, umefika. Akipokea, msogezee mkeka.

Umeniuliza kwa namna yako kwa nini mikono inatuliza kuliko maneno. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapopapenda.

Mimi ni mzaliwa wa Gungu, Kigoma, na bibi yangu alisuka mpaka macho yalipomkataa, lakini mimi sikujifunza nikiwa mtoto. Nilikuja kujifunza nikiwa mtu mzima na ofisi yangu ya ushauri, na nikujulishe tu kwamba ukili wangu wa kwanza ulijikunja kama mkia wa kinyonga. Nilichokiona ni hiki. Jani la ukindu ulilichana kwa ukucha, chane zikatoka sawasawa. Ukazilowesha kidogo, maana chane kavu hukatika. Ukashika mwanzo wa ukili kwa kidole gumba cha kushoto, kile kidole kikawa ndicho nanga. Halafu moja juu, moja chini, unavuta, unakaza, unaongeza chane nyingine pale iliyotangulia inapoishia. Kosea moja tu, mraba mzima unakwenda upande, unafumua mpaka pale ulipokosea, si zaidi. Akili haiwezi kuhesabu chane na wakati uleule ikaona ule upepo. Inajaribu, inashindwa, inarudi kwenye chane. Pumzi inafuata mkono bila kuambiwa. Na mwisho wa alasiri kuna shubiri mbili za kitu ambacho asubuhi hakikuwepo. Kwa mtu ambaye ziwa limempokonya bila kumuuliza, hizo shubiri mbili ambazo zimemtii ni kubwa sana.

La pili ni kwamba wanaosuka hawatazamani. Nalisema kwa aibu kidogo. Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa na viti viwili vinavyoelekeana, nilivyofundishwa. Alikuja mama mmoja mara tatu, akaniangalia, nikamwangalia, akaaga. Mara ya nne nilikuwa na ungo wa mchele sijamaliza kuchambua, nikamwomba radhi, naye akavuta kiti akaanza kunisaidia. Tulipofika nusu ya ungo alikuwa ameshanieleza habari ya mwanawe yote, macho yake yakiwa kwenye mawe na chuya. Tangu hapo sikai mkabala na mtu aliyefiwa. Nakaa ubavuni.

Zimbabwe wamelijengea jambo hili mpango mzima. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianza Harare mwaka 2006 kwa kuwafundisha bibi wa mitaani, wahudumu wa afya wa jamii, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho watu wa kabila la Washona wanakiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti wao yalichapishwa. Walishiriki watu 573, na baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za sononi walikuwa kama 14 katika kila 100 kwa waliokaa na bibi, na kama 50 katika kila 100 kwa waliopata huduma ya kawaida. Kinachonifurahisha mimi ni kinachofuata baada ya benchi. Mtu akimaliza mazungumzo yake na bibi hukaribishwa kwenye duara la wenzake, wanaliita Kubatana Tose, na katika duara hilo wanafuma mikoba kwa nyuzi za plastiki iliyokwishatumika. Wanafuma huku wanaongea. Jirani yako muuza mawese hajawahi kufika Harare, akakuletea kicha cha ukindu.

Mtunze huyo mama. Angalia alichofanya. Hakukwambia jikaze, wala kazi ya Mungu haina makosa, wala una bahati wengine wamebaki. Hakukuuliza unajisikiaje. Amekuja saa ileile kila siku na kitu mkononi, na amekuwa anakuja miezi ambayo wengine wameshaacha. Nina dhana, na unaweza kumuuliza siku mkiwa wawili tu, kwamba naye amezika mtu. Watu wanaojua kukaa kimya vizuri kwa kawaida wamefundishwa na kaburi. Wale rafiki wa zamani waliopotea usiwahukumu sana. Wengine wanaogopa msiba kama unaambukiza, na wengine, tuseme ukweli, wanamwogopa mjane kwa ajili ya waume zao. Watarudi baadhi.

Lakini ukili wa alasiri na ukili wa saa tisa usiku si ukili mmoja, hata kama chane ni zilezile. Kipimo changu ni kimoja. Je, kazi hiyo inakuruhusu kulia? Barazani, ukijiwa na machozi katikati ya ukili, unaweka chini, unalia, mwenzio anakushikia mwanzo usifumuke, unaendelea. Usiku peke yako unasuka ili usilie, ili usilale, ili usiote. Hapo dawa imegeuka maficho. Mwili usiolala hauponi, na watoto wako uliobaki nao wanaamka asubuhi kwa mama aliyechoka. Sikuambii ujikaze uache, maana hutaweza. Nakuambia jioni, jirani yako anapoondoka, aondoke na chane zote, hata zile zilizokatikakatika. Usibaki hata uzi mmoja ndani. Kesho alasiri zinarudi naye.

Na usiku wa giza upange mapema. Nadhani dirisha lako, kama madirisha mengi ya Ujiji, likifunguliwa linaona ziwa, na giza likiingia zile taa za vipe huonekana mbali kama mji uliojengwa juu ya maji. Kwa mgeni ni pambo. Kwako kila taa ni swali. Hilo litakurudia kila mwezi, na usipolijua utadhani unarudi nyuma kila unapodhani umepata nafuu. Huzuni ina tarehe zake. Zihesabu kwa mwezi wa angani unavyojua, na usiku wa kwanza na wa pili wa giza usilale peke yako. Aje mpwa, aje jirani, watoto walale chumbani kwako.

Nije kwa kijana, ambaye nimemzungukia mpaka hapa kwa sababu ndiye mzito.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Pauline Boss, alianza katika miaka ya 1970 kufuatilia familia za wanajeshi waliopotea vita vya Vietnam bila miili yao kurudi. Aliona kwamba shida haikuwa kwa wake zao. Hali yenyewe ndiyo ilikuwa ngumu. Huwezi kumaliza msiba usio na kaburi, na anayekulazimisha umalize anakuongezea mzigo. Ushauri wake ni kuruhusu mawazo mawili yakae pamoja bila moja kulifukuza jingine: mwanangu amekufa, na moyo wangu bado unasikiliza mlango. Ukimpakulia siku nyingine bila kujua, usijione mwehu. Warudishie watoto kile chakula mle.

Wifi anasema mtoto yuko majini kana kwamba umemwacha humo. Ziwa Tanganyika kina chake kinafika mita 1,470, na duniani ni Baikal la Urusi tu linalolizidi. Maji ya kina hicho hayarudishi kila kinachozama, hata watafutaji wangekuwa elfu. Hukumwacha. Kuhusu swala ya maiti asiyekuwepo, zungumza na imamu wako, madhehebu yana maneno yake juu ya hilo na yeye ndiye wa kukuongoza. Ataweza pia kukukumbusha yale yaliyopokewa kuhusu aliyekufa maji, kwamba anahesabiwa pamoja na mashahidi. Nimeona wanawake wakibadilika sura wakisikia hilo kutoka kwa mtu wanayemwamini.

Wadogo zake je? Hukuwaandika ila kwa kugusia. Waambie wazi kilichotokea, taja jina la kaka yao mezani, usiache jina hilo liwe kitu cha kunong'onwa. Moshi na Bungoma ya Kenya, watu wa kawaida waliopewa mafunzo wamewakalisha yatima wa miaka 7 hadi 13 kwa vikundi na kuwasaidia kuzungumza juu ya kifo cha mzazi waziwazi, pamoja na walezi wao, na kazi hiyo inawezekana hata pasipo daktari. Kama kuna mmoja anayependa kushika ukindu, mwache ashike. Akiharibu aharibu.

Labda umeshaambiwa, au utaambiwa, mjiandikishe kikundi, halmashauri inatenga asilimia 4 ya mapato yake kwa mikopo ya wanawake. Ni kweli inatenga. Una watoto na huna mvuvi ndani, fedha utazihitaji, na mkeka mzuri unauzika. Ila naomba baraza hilo lisigeuzwe kikundi mwaka huu. Kikundi kina mwenyekiti, mahudhurio, marejesho na siku za kuja bila hamu. Uza mikeka yako mmojammoja. Ukitaka mkopo, tafuta kikundi kingine cha dagaa au cha mawese, ukae nacho mbali na hapo.

Kuhusu muda: Shirika la Afya Duniani katika orodha yake mpya ya magonjwa, inayotumika tangu 2022, linataja huzuni ya msiba iliyopitiliza, na linaanza kuihesabu baada ya miezi 6. Nakutajia kwa sababu una miezi 8 na mtu anaweza kukutisha nayo. Miezi 6 ni mlango tu wa kuanza kuangalia. Kinachoangaliwa ni kama mtu hawezi kula, kufanya kazi, kulea, siku baada ya siku, kupita desturi za watu wake. Wewe unalea, unajifunza kazi mpya, umecheka. Usingizi na lile wazo la ziwa ndivyo vinavyonipa wasiwasi, na hivyo nimekuambia uvipeleke wapi.

Umebaki ule ukili ulioviringishwa chini ya kitanda. Usiushone. Sindano inakukataa kwa sababu unajua mkeka ukishakamilika lazima utandikwe mahali na mtu aukalie, na mmoja wa wanaotakiwa kuukalia hajulikani alipo. Ukili hauna sheria ya urefu. Unaweza kuuongeza mwaka mzima. Siku utakayotaka kushona usishone peke yako, mmoja ashike upande huu mwingine upande ule, na huyo mwingine si lazima awe jirani yako, hata wifi anaweza.

Ila utoe pale sakafuni. Chini ya kitanda kuna unyevu, ukindu unaingia ukungu na kuwa na madoadoa meusi, na panya wa Ujiji unawajua. Siku ya jua utoe uwani, uukung'ute, uunyooshe wote, watoto washike ncha moja wewe ncha nyingine. Ukikauka uuviringishe bila kuukaza, uufunge kwa kanga, uuweke juu ya kabati. Na kabla hujauviringisha, upime kwa mikono. Niandikie umefika pima ngapi.